Kamati, Mchicha na Mbuzi Wangu Wawili

Leo nimeaibika mbele ya kamati nzima, na mashahidi pekee niliobaki nao ni mbuzi wawili.

Sitanii. Naandika haya kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi. Mke wangu kanituma mafuta ya taa, nami nimejificha humu. Kompyuta yenyewe inakwenda kwa kudra za Mungu: unabonyeza herufi sasa, inatokea ukishaisahau. (Natumia kidole kimoja, kama mnavyonijua.) Nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka kwenye nyayo. Nimeona niwaambie ninyi wa darasa letu mapema, maana habari za Dodoma hii hufika Bahi kabla aliyepatwa hajafika nyumbani kwake.

Kwa wale waliokimbilia benki na siasa wakasahau tulichosomea: mimi bado niko kwenye majitaka. Miaka kumi na saba. Kila mtu mjini akivuta mnyororo wa choo, mzigo unakuja kwangu. Unapita kwenye mabomba, unatokea nje ya mji, unaingia bwawa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Hakuna mashine wala dawa. Jua la Dodoma linafanya kazi, na mimi nalisaidia kwa kufyeka majani na kuzibua milango ya maji. Maji yakiingia bwawa la kwanza, unaziba pua. Yakitoka la nne, bata wanaoga.

Sasa, mnaijua nchi hii. Mvua ikikatika mwezi wa nne, hakuna kijani tena mpaka mwezi wa kumi na mbili. Hata mbuzi wanakula maboksi. Lakini chini ya bwawa langu la nne, pale maji yanapotoka, kina mama kumi na wawili wamelima matuta. Kuna mchicha, chainizi, majani ya kunde, matembele, na vyote vimenawiri kuliko vya Morogoro. Na tope tunalozoa mabwawani tukalianika mwaka mzima, ndiyo mbolea yao. Hakuna aliyewaruhusu. Mimi niliwakuta, nikawawekea sheria zangu: mboga za kupika tu, nyanya hapana, kachumbari hapana, na mtu asiteke maji ya bwawa la tatu. Mkubwa wao ni Mama Sechelela, Mgogo wa kule Mlali, mama mtu mzima, mpole, ana watoto wa marehemu binti yake watatu wanaosoma kwa mchicha huo.

Mwezi uliopita akaja Bwana Afya mpya. Kijana msafi. Akaona matuta, akashika kichwa, akaandika barua: mboga zote zifyekwe. Bosi wangu akaogopa, akaomba wizarani waje watu waamue. Wakasema watakuja leo, Alhamisi.

Mama Sechelela akaniuliza, "Baba, watafyeka?"

Nikamwambia, "Mama, niachie mimi."

(Niachie mimi! Mtu mzima, na midomo yake.)

Ugumu ni huu: ushahidi sina. Maabara yetu ilikufa zamani, mlango wenyewe una nyuki. Pesa za vifaa zinakuja kila bajeti na kila bajeti zinaishia njiani. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi mmoja tu, mwili wangu. Tangu mvua zilipokatika, miezi sita kamili, nikijua ipo siku mtu atauliza, kila Ijumaa nilikuwa nabeba fungu kubwa la mboga za bwawani kupeleka nyumbani. Tunakula mimi, mke wangu Zuhura, watoto wanne na mama yangu mzazi ambaye ana miaka zaidi ya themanini. Hakuna aliyeumwa tumbo. Niliandika kwenye daftari, Ijumaa kwa Ijumaa: "Tumekula. Wote wazima." Nilijiona mtafiti.

Kasoro moja ndogo. Zuhura sikumwambia zinatoka wapi.

Msinihukumu, mnamjua? Sisi ni watu wa mjini hapa tangu enzi za misafara, na mke wangu ametoka kwenye nyumba ya usafi. Nikirudi kazini siingii ndani. Kuna ndoo yangu uani, sabuni yangu, kamba yangu ya nguo na kandambili zangu. Mpaka nioge, ndipo nasalimiwa. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba mchicha umenyweshwa na vyoo vya mji mzima? Nikamwambia zinatoka kwa rafiki yangu wa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, mwenye bustani na kisima chake.

"Kikuyu?" aliniuliza ile Ijumaa ya kwanza.

"Kikuyu."

"Haya," akasema.

Ile haya ningeiogopa mapema. Lakini mwanaume akishaambiwa haya anafikiri ameshinda.

Basi. Jana bosi ananiita. Mama wa kantini kaumwa, wageni watakula nini? "Fundi Jumanne, si mkeo ndiye aliyepika kwenye harusi ya mtoto wa mhasibu? Apike yeye, gari litamfuata." Nikajaribu kusema mke wangu ana mafua. Bosi akasema amemwona asubuhi sokoni, mzima kama chuma.

Nikafikiria mchana kutwa. Mwishowe nikajipa moyo. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza kazi: kamati ile mboga za bwawani, isifie, ndipo niwaambie. Na Zuhura atakuwa huko nyuma ya kibanda cha mlinzi na masufuria yake, hatasikia kitu. Nikachuma fungu kubwa la majani ya kunde, nikafunga vizuri, nikampelekea. "Wapikie wageni hizi, uweke na karanga."

"Za Kikuyu?"

"Za Kikuyu."

"Haya."

Asubuhi nimevaa koti. Lile lile la harusi yangu, sasa halifungi, na huku joto la mwezi wa kumi mnalijua. Saa nne landikruza ikaingia. Akashuka mwenyekiti wa kamati, mhandisi kutoka wizarani, mama wa makamo, kavaa buti zake mwenyewe. Nikampenda hapo hapo. Nyuma yake Diwani, mtu mnene, anayeuliza saa ngapi kila baada ya dakika kumi. Mwisho Bwana Afya, na leso puani kabla hata ya kufungua mlango.

Tukaanza kuzunguka. Mama Mhandisi anauliza maswali ya maana: maji yanakaa siku ngapi kila bwawa, tope tunalizoa lini, mvua kubwa ikija inakuwaje. Najibu. Miaka kumi na saba hakuna mtu aliyeniuliza siku ngapi! Nilikaribia kulia. Jasho likanisaidia, ikaonekana yote ni jasho.

Tukafika matutani. Kina mama wamesimama kwenye mstari, khanga safi, kila mmoja mbele ya tuta lake. "Mbukwenyi!" nikawasalimia kwa Kigogo, nijionyeshe mwenyeji. Wakaitikia kwa pamoja. Mama Mhandisi akainama, akachuma jani, akalinusa, akachota maji kwenye chupa yake ya kwenda kupima. Hapo Bwana Afya akatoa leso puani.

"Fundi," akaniambia, "maneno ni mengi. Wewe mwenyewe unaweza kula hizi?"

Jamani. Nilikuwa nimeisubiri hiyo tangu Jumatatu.

Nikavuta koti. Nikasema, "Bwana Afya, mimi nakula. Mke wangu anakula. Wanangu wanne wanakula. Na mama yangu mzazi, ajuza, anakula na kuongeza. Kila Ijumaa. Miezi sita. Daftari hili hapa."

Mama Sechelela akapiga kigelegele. Mama Mhandisi akachukua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. "Tumekula. Wote wazima. Tumekula. Wote wazima." Akanitazama kwa heshima kabisa. Akasema, "Fundi, hii ni kazi nzuri. Katika kukosa maabara, hii ni kazi nzuri." Akaandika kitu kwenye karatasi zake na kupiga mstari chini yake.

Bwana Afya akarudisha leso puani. Nilitembea kwenda kwenye chakula kama niliyeoa tena.

Chakula kilikuwa kwenye banda letu la vifaa. Tulitoa makoleo, tukatandika kitambaa. Wali, ugali, kuku wa kienyeji, na katikati bakuli kubwa la majani ya kunde ya karanga. Zuhura alishapanga, akaondoka zake nyuma ya kibanda kama nilivyotaka. Nikanawa, nikakaa, nikatulia.

Mama Mhandisi akapakua mboga. Akaonja. Akaongeza. Diwani akaacha kuuliza saa ngapi. Akavuta bakuli zima karibu yake. Bwana Afya alikula wali na kuku, mboga hakugusa, huyo ana machale yake. Bosi wangu akawa ananikonyeza. Na mimi, badala ya kufunga mdomo nile kuku wangu kwa amani, nikasimama.

"Wageni waheshimiwa," nikasema, "mnasemaje kuhusu mboga?"

"Tamu!" akasema Diwani.

"Basi mnayokula ni ya hapa hapa. Imechumwa jana, chini ya bwawa la nne!"

Diwani aliacha kutafuna. Hakumeza, hakutema. Akabaki na shavu moja limetuna, macho yanatafuta mlango. Bosi akatazama juu kwenye mabati. Lakini Mama Mhandisi, mimi huyo mama namvulia kofia, akachota kijiko kingine, akala, akajifuta. Akasema, "Hongera. Sasa mpishi yuko wapi? Aitwe tumshukuru."

Hapo moyo ukashuka mpaka kwenye soksi.

Ninyi mnajua. Ukilishwa kwa watu, huondoki bila kumwita aliyepika ukamshukuru uso kwa uso. Nimefundishwa hivyo, nimewafundisha wanangu hivyo. Nilikuwa nimekumbuka kila kitu, mpaka kutoa nyuki mlangoni, nikasahau adabu!

"Mama, mke wangu ana haya sana," nikasema.

Bosi akacheka. "Zuhura? Ana haya?" Akaita kwa sauti ile ya kuita magari.

Zuhura akaja na birika la kunawia na beseni. Akasalimia, "Shikamooni," akasimama pembeni, ametulia kama maji mtungini. Mama Mhandisi akamshukuru kwa maneno mazuri. Zuhura akashukuru naye. Ingeishia hapo, leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

"Na zaidi," akaendelea Mama Mhandisi, "tunakushukuru wewe na familia. Mumeo katueleza. Si kila mke angekubali kula mboga za hapa mabwawani kila wiki, miezi sita, ili kuthibitisha kwamba ni salama."

Nilisikia nzi.

Zuhura akaweka beseni chini. Taratibu.

"Za wapi, mama?"

"Za hapa. Mabwawani."

Akageuka akanitazama. Miaka ishirini ya ndoa, nilikuwa sijawahi kutazamwa vile. Halafu akatabasamu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Baba Hadija. Si ulisema za Kikuyu?"

"Nilisema," nikajibu. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Mama," akamwambia Mhandisi, "naomba radhi mbele ya wageni. Mimi sijawahi kuzipika mboga za huyu bwana. Hata siku moja."

"Hujawahi?"

"Hata siku moja. Ijumaa ile ya kwanza alizileta zimefungwa na majani ya matete. Mimi nimezaliwa hapa mjini. Kikuyu kuna matete? Kwenye ukame huu, matete yako wapi Dodoma nzima? Bahi kwenye tope, na hapa kwenye mabwawa ya mume wangu. Na Bahi hakwenda, maana alirudi saa kumi."

Matete! Wenzangu, mimi ni fundi sanifu. Nimefyeka matete hayo miaka kumi na saba kwa mikono yangu. Kila fungu nililipeleka nyumbani nimelifunga kwa matete, mafundo mawili, vizuri kabisa, kisha nikaongopa.

"Sasa zilikuwa zinakwenda wapi?" akauliza Bwana Afya. Alikuwa ameshatoa leso. Uso unang'aa kama sahani ya Idi.

"Kwa mbuzi," akasema Zuhura. "Tunao wawili. Wanazipenda sana."

"Hata hizi za leo?"

"Za jana wamekula mbuzi. Hizi mlizokula nimenunua mwenyewe sokoni asubuhi. Siwezi kuwalisha wageni wa serikali kitu ambacho watoto wangu siwalishi."

Diwani akameza. Tulisikia wote. Akasema, "Alhamdulillahi," ingawa ni Mkristo.

Bwana Afya alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Mwenyekiti," akasema, "tuweke kwenye taarifa: mbuzi wawili, miezi sita, wote wazima!" Bosi naye akacheka. Dereva wa landikruza, ambaye hakualikwa kwenye kikao, akacheka kutoka nje. Mama Mhandisi hakucheka. Alifungua karatasi zake, akatafuta ule mstari, na nikaona kalamu inakwenda pale pale kuukata.

Hapo nilitaka ardhi inimeze, au hata bwawa la kwanza linimeze. Kunicheka si kitu, mimi nimezoea, hata daladala wananikalisha dirishani. Lakini nilitazama kwa pembeni nikamwona Mama Sechelela anapanda kutoka matutani, anafuta mikono kwenye khanga. Alikuwa amesikia vicheko, akadhani mambo yamekuwa mazuri, akaja kupokea jibu lake. Nilimwambia aniachie mimi, akaniachia. Nikashindwa hata kumtazama.

Akafika mlangoni, akapiga hodi.

Zuhura akageuka. "He! Mama Sechelela! Shikamoo. Unafanya nini huku?"

"Marahaba, mwanangu. Nawe umefika? Huku ndiko shambani kwangu."

"Shambani kwako wapi?"

"Hapo chini. Tuta la pili kutoka kwenye maji." Akaonyesha kwa kidevu, kwa furaha kabisa.

Mnaona inakokwenda? Mimi sikuona. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilichosikia ni sauti ya mke wangu, ambayo kwa mara ya kwanza leo ilitetemeka.

"Mama. Zile ninazonunua kwako. Kila asubuhi. Pale sokoni karibu na mashine ya kusaga."

"Ndiyo hizo hizo, mwanangu. Na leo si nilikuongezea? Majani ya kunde."

"Mbona hazina matete?"

Mama Sechelela akainamisha kichwa. Mama mkweli yule. "Nayafungua nikikaribia sokoni," akasema. "Watu wa mjini wakiona matete hawanunui. Nayatupa mtaroni, nazipanga mafungu mafungu."

Zuhura alikaa. Hakukuwa na kiti hapo, alikaa juu ya ndoo ya maji ya kunawa iliyofunikwa, polepole, kama bibi. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti. Nilijua anahesabu nini. Mimi nilikuwa nasema Ijumaa kwa Ijumaa, lakini kwa Mama Sechelela alikuwa ananunua Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka Alhamisi ya leo. Tulikuwa tumekula za bwawani wiki nzima kila wiki, isipokuwa Ijumaa tu, siku ambayo mimi niliandika kwenye daftari. (Ijumaa alikuwa anapika maharage akisema mboga atazipika kesho, mimi sikusubiri kuona, natia sahihi tu.)

Diwani akatazama bakuli. Lilikuwa tupu, amelimaliza mwenyewe.

Mama Mhandisi ndiye aliyecheka safari hii. Alianza na bega. Likatikisika mara moja, mara mbili, halafu akaweka kalamu chini na kucheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akauliza, "Mama Sechelela, wateja wako wengine ni kina nani?"

Mama Sechelela akafungua mdomo. Akamtazama Bwana Afya. Akamtazama tena kwa huruma, kama mtu aliyemkuta mkwewe anaoga. Akasema, "Aah, mama, ni wengi. Hata wageni wageni wa mjini hununua." Kisha akatazama mabati.

Bwana Afya akaikunja leso yake, mara mbili, akaitia mfukoni. Hakuitoa tena mpaka landikruza inaondoka.

Uamuzi ukatolewa pale pale. Mboga hazifyekwi. Maji ya kwenye chupa yatapimwa wizarani, sheria zangu zile za kachumbari zitaandikwa zibandikwe ubaoni, na kina mama wapewe buti. Mama Sechelela alianza kupiga kigelegele, Mama Mhandisi akainua mkono.

"Lakini kuna sharti. Hakuna kudanganya mlaji. Kuanzia kesho mboga ziuzwe sokoni na matete yake. Anayenunua ajue. Nitarudi baada ya mwezi. Nikikuta hazinunuliwi, hatuna haja ya kufyeka, zitakuwa zimejifyeka."

Kigelegele kikaishia kooni. Mama Sechelela hakunitazama mimi tena. Alimtazama Zuhura, mteja wake wa kila siku. Zuhura akanyanyuka kutoka kwenye ndoo, akaanza kukusanya sahani.

Tulirudi kwenye pikapu, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na masufuria. Nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye ndoo yangu uani. Nilizongwa na mawazo mpaka nikajisahau, nikajipaka sabuni mara mbili. Mbuzi wale wawili wamefungwa pale pale, wananitazama. Wamenenepa kweli, sikatai.

Zuhura akaja akasimama mlangoni. Nikaanza, "Mama Hadija, nisamehe, mimi nilikuwa..."

"Niliuliza," akasema.

"Uliuliza nini?"

"Baada ya ile Ijumaa ya kwanza. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa, maji kama yale ni najisi milele? Akasema maji mengi yakirudisha yenyewe rangi yake, harufu yake na ladha yake, ni habari nyingine. Nikamuuliza, na nani atakayeonja? Akafunga kitabu." Akavuta pumzi. "Kumbe tulikuwa tunaonja sisi."

Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa na povu machoni.

"Umeniongopea miezi sita," akasema. "Mimi nawe tutazungumza, na hatutamaliza leo. Lakini yule mama ana watoto watatu wa marehemu. Kesho asubuhi naenda kununua fungu langu, na matete yake. Nitapita katikati ya soko, nipite kwa wauza khanga, nirudi kwa barabara kubwa, kila mtu aone mke wa fundi wa mabwawa kanunua nini."

Jamani, nilimpenda mke wangu pale na povu langu. Nikamwambia, "Mungu akubariki."

"Amina. Ila sitabeba mimi. Utabeba wewe, kichwani, mbele yangu. Na koti lako uvae."

Haya sasa. Mwenye kafe anazima taa moja moja, na mafuta ya taa sijanunua. Kesho saa mbili asubuhi, mliopo Dodoma, mkikutana sokoni na mtu mzima ndani ya koti lisilofunga, kajitwika mchicha uliofungwa kwa matete mafundo mawili, na nyuma yake mwanamke ananyoosha kidole aelekee wapi, nawaomba kwa heshima ya darasa letu msicheke. Nunueni fungu moja kwa Mama Sechelela, karibu na mashine ya kusaga. Mliobaki mbali, niombeeni, na mniambie la kuwaeleza mbuzi, maana tangu saa kumi wanalia na kesho ni Ijumaa.